Bourdon ya mu kitabu na ile nyuki yenye kutoboa mbao

Kisha mukutano wa koperative moja karibu na Kamina, mama mumoja alibaki nyuma na karatasi mu mukono. Ilikuwa fotokopi ya kitabu cha Kifaransa juu ya ufugaji wa nyuki, ile tunagawiaka mu formasio. Aliweka kidole ku picha moja: nyuki munene, mwenye manyoya mingi kama paka mudogo, mweusi na njano, na nyuma cheupe. Chini yake waliandika bourdon.

"Papa agronomu," akaniambia, "huyu njo ule anatoboaka mbao ya nyumba yangu? Bwana yangu anataka kumuchoma na moto leo mangaribi. Lakini kitabu yenu inasema ni nyuki muzuri ku tomati. Sasa nifuate nani, bwana ao kitabu?"

Nilikuwa na haraka, mwenye moto alikuwa ananingojea ku barabara. Nilimujibu: "Ndiyo mama, ni ule. Umuambie papa asichome."

Nilikosea. Neno la pili lilikuwa muzuri, lakini neno la kwanza halikuwa kweli. Ule wa ku picha hajatia mguu hata siku moja mu Haut-Lomami. Na kwa sababu jibu langu lilizunguka mu koperative mbio kuliko mimi, na likazaa kosa ingine yenye nitaeleza mbele kidogo, tumeona muzuri habari yote iandikwe hapa, polepole.

Burdoni (tutamuita vile) ni nyuki wa fasi ya baridi. Mu dunia kuko aina zake kupita 250. Wako Ulaya, wako Asia, wako Amerika ya Kaskazini, na wengine ku milima ya Amerika ya Kusini. Mu Afrika wanapatikana ku kaskazini tu, inchi kama Maroko na Aljeria. Huku kwetu, kusini ya jangwa la Sahara, hakuna hata mumoja wa asili. Wale waliandika kile kitabu walikuwa wanafikiria mukulima wa Ufaransa ao wa Ubelgiji, mwenye kutoka inje mu mwezi wa 3 na kukuta burdoni wa kwanza ku maua. Hawakukosea. Tulikosea sisi, tulipiga fotokopi bila kujiuliza.

Lakini tusimutupe burdoni na haraka. Kumujua kunatusaidia kuelewa nyuki wetu sisi wenyewe, ule wa mu muzinga na ule wa ku mbao, na kazi yenye kila mumoja anafanya mu shamba.

Burdoni na nyuki wa asali ni watoto wa jamaa moja. Wote wawili wako na kikapo kidogo ku miguu ya nyuma, mwenye wanashindilia unga wa maua mupaka unakuwa kama tonge. Wote wawili wanatosha nta mu tumbo lao wenyewe. Wote wako na malkia, na wafanyakazi wenye kuwa wanawake wote, na wanaume wenye kazi yao ni kuoa tu. Ukitazama ua moja ukiona mumoja na mwenzake wanakunywa pamoja, unaweza kusema ni mukubwa na mudogo wa nyumba moja.

Tofauti yenye kuzaa tofauti zingine zote, kwa mawazo yangu, ni mwaka. Jamaa ya nyuki wa asali haikufe. Wafanyakazi wanakufa kila siku, mumoja anaishi karibu majuma sita wakati wa kazi, lakini wengine wanazaliwa, na malkia akizeeka wanalea mwingine. Muzinga unaweza kuishi miaka na miaka kama hamuuchome. Burdoni hapana. Jamaa yake ni ya mwaka moja. Wakati wa baridi ya Ulaya inakaribia, wote wanakufa: malkia wa zamani, wafanyakazi, wanaume. Wanabaki tu wale malkia wapya, wenye wamekwisha kuolewa. Kila mumoja anajichimbia shimo mu udongo na kulala peke yake miezi mingi, bila kula. Baridi ikiisha, anaamuka, anatafuta shimo la zamani la panya, na anaanza nyumba yeye peke yake, bila mufanyakazi hata mumoja. Anatengeneza chungu kidogo cha nta chenye kuenea ncha ya kidole gumba, anakijaza asali, anataga mayai, na anayalalia kama kuku ili yapate joto. Anatoka kutafuta chakula, anarudia, analalia tena. Mupaka watoto wa kwanza watoke na wamusaidie. Ba mama wengi mu koperative, nilipowaeleza hii, walicheka na kusema wanamujua ule malkia, anaishi mu avenue yao.

Kwa hiyo nyumba ya burdoni inabaki ndogo. Mara mingi ni nyuki 50 mupaka 400. Muzinga wa nyuki wa asali unafika elfu makumi. Na asali inafuata hesabu ile. Burdoni anaweka asali ya siku chache tu mu vyungu vyake vidogo, basi, kwa nini aweke mingi kama atakufa mbele ya baridi? Hakuna mutu mwenye kuvuna asali ya burdoni na kuijaza mu bido. Nyuki wa asali yeye anaweka akiba juu ya wakati wa njaa, na ile akiba njo tunamunyanganya.

Hapa kuko kitu chenye kitabu cha Ulaya hakitaeleza. Nyuki wetu wa Afrika ni aina ile ile moja na wa Ulaya, lakini tabia si moja. Ule wa Ulaya anaogopa baridi, kwa hiyo anajaza ghala na kukaa. Wa kwetu hana baridi ya kuogopa. Akisumbuliwa na siafu, ao na moto, ao mukivuna masega yote bila kumuachia kitu, anafunga mizigo na kuhama, jamaa nzima. Watu wanasema "nyuki wamekimbia kwa sababu ya uchawi." Mara mingi wamekimbia kwa sababu ya njaa yenye sisi tumewaletea. Vipimo pia si moja. Wale wenye kutengeneza muzinga wa vijiti vya juu, ule ulitengenezwa Kenya mu miaka ya 1970, mujue kijiti cha nyuki wetu ni milimetre 32 ya upana. Kitabu cha Ulaya kitawaambia 35, na nyuki watajenga sega lenye kupindama kutoka kijiti moja kwenda ingine. Niliona muzinga wa namna ile, kuvuna ilikuwa kazi ya kukata na kulia.

Na mwiba. Nyuki wa asali, mufanyakazi, mwiba wake uko na meno kama ndoano. Akikuchoma ngozi, mwiba unabaki na mufuko wa sumu, na yeye anakufa. Ule mufuko unaendelea kusukuma sumu hata mwenyewe hayuko tena, ndiyo maana kutosha mwiba mbio, na ukucha ao na kisu, kunasaidia kuliko kuchagua namna ya kutosha. Tena mwiba unatoa harufu ya kuita wengine. Harufu ile inafanana na ndizi mbivu. Wafugaji wazoefu hawakule ndizi mbele ya kwenda ku muzinga. Burdoni yeye, mwiba wake ni laini, anaweza kuchoma mara mbili, mara tatu, bila kufa, lakini ni mupole, anachoma tu ukimufinya ao ukichokoza nyumba yake. Wanaume wa wote wawili hawana mwiba kabisa. Mutu akichomwa na uso unavimba ao pumzi inakuwa nguvu kupata, hapana kungojea dawa ya kienyeji, mumukimbize ku hospitali.

Nyuki wa asali anajua pia kuzungumuza. Akipata maua, anarudia mu muzinga na kucheza ku sega, na ule muchezo unaonyesha wenzake upande gani na mbali gani. Karl von Frisch, mutu wa Austria, alitumia maisha yake kusoma ule muchezo, na mu 1973 walimupatia zawadi ya Nobel. Burdoni hachezi vile. Anaingia, anakimbia-kimbia mu nyumba akitoa harufu, kama kusema "chakula iko," na kila mutu anaenda kutafuta kwake. Kwa hiyo nyuki wa asali wanashuka mu shamba moja kwa wingi, kama soko, burdoni wanatawanyika.

Sasa tufike ku tomati, juu pale njo maneno yote ilianzia.

Ua la tomati na la bilingani halifunguke kama maua mengine. Unga wake uko ndani ya vifuko vyenye kufungwa, kama chumvi mu kikopo chenye matundu madogo. Ukitaka chumvi itoke, unatikisa. Burdoni anajua. Anashika ua na meno, anafunga mabawa yasipige, na anatetemesha misuli ya kifua. Unasikia sauti inabadilika, inakuwa nyembamba, mzzzz, na unga unamumwangikia ku tumbo. Nyuki wa asali hajui ile kazi. Anaweza kutembelea maua elfu, hii moja hajui. Ni mufundi mukubwa wa maua ya miombo, ya boga, ya tournesol, ya embe, lakini ku bilingani anapita kama mutu aliyekosa ufunguo.

Tomati inaweza kujizalisha yenyewe kama upepo unaitikisa, ndiyo maana tunavuna tomati hapa hata bila kufikiri juu ya nyuki. Lakini mu nyumba za vioo za Ulaya, upepo hakuna. Zamani wafanyakazi walikuwa wanapita kutikisa ua kwa ua na mashini ndogo. Mu miaka ya 1980 daktari wa wanyama Mubelgiji, Roland De Jonghe, aliona burdoni anafanya ile kazi muzuri kuliko mutu, na mu 1987 akaanzisha kampuni ya kulea burdoni mu makasha na kuwauzisha. Leo tomati mingi ya Ulaya inatoka mu mukono wa ile nyuki.

Kusikia hivi, prezida wa komite moja aliniuliza bei ya kasha na kama inaweza kufika na treni kutoka Lubumbashi. Nilimujibu hapana, na si juu ya bei. Kwanza, tomati yetu iko inje, upepo ni wa bure. Pili, burdoni wa kuuzisha wakitoroka wanaleta shida. Ku Chile waliingiza burdoni wa Ulaya mu miaka ya 1990. Hakubaki mu shamba. Alivuka milima mupaka Argentina, na burdoni wa pale, munene wa rangi ya machungwa, mumoja wa wakubwa kabisa mu dunia, akaanza kupotea fasi mingi. Watu wa sayansi wanashuku magonjwa yenye mugeni alikuja nayo. Na sisi wa Afrika tunajua hadisi ya upande mwingine: mu 1956 walipeleka malkia wa nyuki wetu Brazil juu ya kutengeneza nyuki wa asali mingi, mwaka uliofuata makundi yakatoroka, na leo wazao wao wako mupaka Marekani, na wakali. Wanyama hawa hawarudi mu kasha.

Sababu ya tatu njo kubwa: mufundi wa kutikisa ua tuko naye hapa hapa. Ni ule wa mbao ya mama.

Nyuki wa mbao, Wafaransa wanamuita charpentière, anafanana na burdoni kwa unene na kwa sauti, lakini ni jamaa ingine. Mutazame muzuri. Burdoni ana manyoya mwili muzima. Wa mbao, tumbo lake kwa juu ni uchi, linangaa kama kiatu kilichopigwa rangi. Ku mguu hana kikapo, ana manyoya ya kuzoa unga. Hana muzinga, hana wafanyakazi, hana asali ya kuvuna. Mwanamuke anatoboa tundu la mviringo mu mbao kavu, lenye kuenea kidole, kisha anageuza na kufuata urefu wa mbao. Hakule mbao, anatema unga wake inje. Njo ule munaona asubui chini ya nyumba. Ndani anaweka tonge la unga wa maua lenye kuchanganywa na maji matamu ya maua, anataga yai moja juu yake, anafunga na ukuta wa unga wa mbao, anaanza chumba kingine. Mayai yake ni makubwa ajabu, lakini machache sana. Ndiyo maana ukichoma tundu moja haukuue "kundi," umeua mama moja na watoto wachache, lakini kurudisha wale wachache kunaomba wakati.

Ule mwenye kusimama mu hewa mbele ya uso wako kama anataka kukupiga, mara mingi ni mwanaume, analinda fasi yake. Mu aina zingine ni wa rangi ya njano ao ya muchanga muzima, kumbe mwanamuke ni mweusi, watu wanafikiri ni nyuki wawili tofauti. Hana mwiba. Watoto wa nyumba yangu, nilipowaonyesha, wamekwisha kumufanya muchezo. Mwanamuke ana mwiba, lakini sijaona bado mutu aliyechomwa bila kumushika na mukono.

Na kazi yake? Kenya, ku Nguruman, kusini ya ile inchi, watu wa sayansi walifuata mashamba ya bilingani na kuandika matokeo mu 2008. Wenye kuzalisha bilingani pale walikuwa nyuki wa pori wa aina mbili, na moja ilikuwa nyuki wa mbao. Nyuki hawa walikuwa wanaishi mu pori la kando na kuingia mu shamba kufanya kazi. Shamba lilikuwa linakula faida ya pori bila kulipa. Mutu wa makala akikata lile pori, hasara haiandikwe fasi yoyote, mukulima anaona tu bilingani inapunguka na kusema mbegu ilikuwa mubaya.

Maracuja ni zaidi. Ile ya njano haiwezi kujizalisha, inaomba unga kutoka muti mwingine wa maracuja. Na ua lake ni kubwa: vichwa vya unga viko juu, na fasi ya kupokea unga iko juu yake tena. Nyuki wa mbao akiingia kunywa, mugongo wake unagusa vyote viwili. Nyuki wa asali ni mufupi, anapita chini, ao anapanda kuiba unga na kuondoka bila kugusa fasi ya kupokea. Nyuki wetu mupenzi, mwenye tunamujengea mizinga, ku maracuja ni muizi. Nasema hii kwa huzuni, maana mimi ni mutu wa asali. Mama yetu wa fotokopi ana mistari ine ya maracuja ya njano nyuma ya nyumba, anauzisha ku gare, na fedha ile njo inalipa masomo ya watoto wawili. Bwana yake alitaka kuchoma mufanyakazi wake mwenyewe.

Nilisema kuko kosa ingine. Ilitokea hivi. Papa mumoja wa koperative ile ile, mwenye mizinga sita, alisikia ya kwamba "agronomu anasema burdoni iko hapa." Akafungua kitabu, akakuta ukurasa wenye kusema faux-bourdon. Alielewa: burdoni wa uongo, burdoni mubaya. Picha ilikuwa nyuki munene wa macho makubwa. Akaenda ku mizinga yake, akaona kweli, nyuki wanene wa macho makubwa wanaingia na kutoka, hawalete unga, hawafanye kitu. Siku tatu alikaa ku mulango na kijiti akiwaponda. Alikuwa anaponda wanaume wa nyuki wake.

Ni Kifaransa kilimudanganya. Faux-bourdon si burdoni, na si mugeni. Ni jina la mwanaume wa nyuki wa asali, juu ananguruma kwa sauti nzito. Anazaliwa kisha siku 24, mufanyakazi siku 21, malkia 16. Ni kweli hafanye kazi ya nyumba, lakini malkia mupya wa muzinga wa jirani anaruka kwenda kukutana naye juu mu hewa, na si na mumoja, na wengi. Ukiponda wanaume wote, malkia wa jirani yako anaweza kukosa. Wakati wa njaa ukifika, wafanyakazi wenyewe wanawafukuza wanaume inje. Tuwaachie ile kazi, wanajua saa yake. Papa yule alinisamehe, lakini anapenda kuikumbusha mbele ya watu.

Kuko pia wale wadogo wasio na mwiba, wenye kukaa mu shimo la muti ao mu kichuguu na kuingia mu macho ya mutu wakati wa joto. Nawataja kwa ufupi, wanastahili ukurasa wao. Wao pia wanaweka asali mu vyungu vidogo vya nta, kama burdoni, na ile asali ni ya maji-maji, chachu kidogo. Wazee wanaijua kuliko mimi. Ninaomba kitu moja tu: musikate muti muzima juu ya kikombe cha asali.

Juu ya dawa ya wadudu, hapa maneno inakuwa ya saa. Tunafundishaka "piga dawa mangaribi, nyuki wamelala." Ni muzuri, lakini haitoshe, kwa sababu maua hayafunguke saa moja. Ua la boga linafunguka asubui mapema na kufunga mbele ya saa sita. Ua la maracuja ya njano linafunguka karibu saa sita ya mchana na kubaki wazi mupaka usiku, na nyuki wa mbao anafanya kazi mupaka jua linazama. Kwa hiyo mwenye boga apige mangaribi. Mwenye maracuja ya njano, kama hana namna ingine, apige asubui mapema wakati maua yamefunga. Na mwenye vyote viwili mu shamba moja asimame kwanza mbele ya pompi na afikiri. Kupiga dawa ku ua lenye kufunguka, saa yoyote, ni kulipa fedha juu ya kupoteza matunda. Tena yule mwenye kupiga dawa aambie jirani mwenye mizinga siku moja mbele.

Wale wenye maracuja na hawaone nyuki wa mbao tena, wanaweza kufanya kazi yake na mukono: saa nane ya mchana hivi, uchukue unga ku ua la muti moja na kidole, upakaze ku vichwa vitatu vya juu vya ua la muti mwingine. Inafanya kazi. Lakini uhesabu maua ya mistari ine, na uhesabu masiku, kisha utaniambia kama nyuki ni ghali.

Mbao ya nyumba tufanye nini? Papa ana haki pia, dari ikianguka si nyuki atalipa. Nyuki wa mbao anapenda mbao kavu, laini, bila maganda na bila rangi. Kwa hiyo mbao ya nyumba ipakwe rangi ao mafuta ya moto ya kuchakaa, yale mafundi wanatosha mu magari, na kila mwaka irudiliwe. Kisha mumupatie fasi yake: vigogo vikavu, mabua manene ya mwanzi yaliyofungwa pamoja na kulazwa, karibu na maracuja na mbali ya nyumba, juu ya udongo kidogo, mvua isiyafikie. Matundu ya zamani muyazibe wakati nyuki wametoka, musiwazibie ndani. Na moto, hapana. Nyumba ya nyasi na moto wa kuchoma nyuki, mwisho wake munaujua.

Nilirudia kwa ile mama mu mwezi wa 8. Papa alikuwa amesimamisha vigogo vitano ku lupango ya maracuja. Mu viwili kulikuwa matundu mapya na unga mweupe chini. Mu mbao ya nyumba kulikuwa matundu saba ya zamani, alinionyesha yote, moja moja, akihesabu kwa sauti. Kisha akauliza kama projé italipa mbao mupya.

Ku mukutano wa mwezi wa 10, mwenye bilingani ao tomati yenye kuchanua alete maua machache. Tutaleta kitu cha chuma chenye kutetema na kutoa sauti, tutakigusisha ku ua juu ya karatasi nyeusi, na kila mutu ataona unga unaanguka. Wenye kuwa na ile fotokopi ya zamani waje nayo, tutaongeza ku ukurasa wa burdoni na kalamu: haishi hapa.